Mke wa Stelingi: Safari ya McNairy, Tennessee

Ijumaa, 17 Oktoba 2025. Memphis

Waliokulia Mwanza miaka ya themanini mwishoni wanavijua vibanda vya video. Kuta za mabati, magunia yametundikwa dirishani kuzuia mwanga, jenereta inanguruma nje, na mlangoni kijana anakusanya hela huku akiwasukuma wasiolipa. Kibanda cha kwetu kilikuwa Kirumba, karibu na mwalo, kwa hiyo hata filamu za mapenzi zilinuka dagaa. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza.

Mkanda ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa mzungu mrefu anayeingia kwenye baa akiwa na gogo la mti mkononi na kuwacharaza wote waliomo. Jina la filamu hatukulijua. Tuliiita "ya Gogo". Yule mrefu ndiye stelingi, na kila mtoto wa Kirumba alijua kwamba stelingi hafi. Mke wake ndiye aliyekufa, kwa risasi, ndani ya gari. Kibanda kizima kilinyamaza kidogo, halafu mtu wa nyuma akapaza sauti: "Sasa watamtambua!" Tukashangilia. Hakuna aliyeuliza yule mama anaitwa nani. Alikuwa mke wa stelingi, basi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba filamu ile ni Walking Tall ya mwaka 1973, na kwamba mtu mwenye gogo alikuwepo kweli. Aliitwa Buford Pusser, sherifu wa kaunti ya McNairy, jimbo la Tennessee, Marekani. Vijana wa sasa huenda wanaijua ile ya 2004 aliyocheza The Rock, lakini hiyo walihamishia kisa jimbo la Washington na kubadilisha majina.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi hapa Memphis. Nilipokuwa nafunga mizigo kuja kumtembelea alinitumia habari iliyotangazwa tarehe 29 Agosti mwaka huu. Chini yake aliandika: "Kaka, yule mtu wako wa gogo. Soma hii kwanza." Niliisoma nikiwa nimesimama, nikarudia kuisoma nimekaa. Mwendesha mashtaka wa eneo lile, Mark Davidson, pamoja na TBI, ofisi ya upelelezi ya jimbo, walikuwa wamesema kwamba laiti Pusser angekuwa hai, ushahidi uliopo ungetosha kupelekwa mbele ya baraza la wananchi linaloamua nani ashtakiwe. Shtaka lenyewe ni kumuua mkewe.

Mdogo wangu amebadilishana zamu na wenzake, amepata siku nne. Kesho tunaenda.

Usiku huu, tukila, amenionyesha kwenye simu tarehe ambayo Pusser alikuwa hapa Memphis kwa mara ya mwisho: 21 Agosti 1974. Alikuja kutangaza kwamba atacheza filamu ya pili yeye mwenyewe. Jioni akarudi kwao, akapita kwenye maonyesho ya kaunti, na usiku Corvette yake ikaacha barabara kwa mwendo mkali, ikapiga ukingo na kuungua. Alikuwa na miaka 36. Binti yake, Dwana, alikuwa kwenye gari jingine lililofika pale muda mfupi baadaye.

Jumamosi, 18 Oktoba. Memphis hadi Selmer, na mpakani

Tumetoka asubuhi kwa barabara kuu ya 64 kuelekea mashariki, kama kilomita 145 hadi Selmer, makao ya kaunti. Nje ya mji nikaanza kuona pamba. Nilimwambia mdogo wangu asimamishe gari. Mashamba yamekaushwa majani, vitumba vimepasuka vyote kwa pamoja, na pembeni yamepangwa marobota ya duara, makubwa kuliko gari letu, yamefungwa plastiki ya njano na nyingine ya waridi. Hapakuwa na mtu shambani, mashine peke yake. Nimeokota kitumba kimoja kilichodondoka kando ya lami. Maganda yake yanachoma vidole vilevile kama ya Magu, pale tulipokuwa tunapelekwa kwa bibi kuchuma wakati wa likizo.

Niwaeleze kidogo sherifu ni nani, maana niliulizwa sana kabla sijaondoka. Ni kama OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ila anapigiwa kura. Wananchi wa kaunti wanamchagua, naye ndiye mwenye jela, askari wa vijijini na amri za mahakama. Mkubwa wake wa kweli ni mpiga kura. Katika kaunti kama McNairy, ambayo hata kwenye sensa ya 2020 ilikuwa na watu wapatao 26,000 tu, sherifu anajulikana kwa kila nyumba.

Pusser alizaliwa hapa mwaka 1937, kijiji cha Finger. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Adamsville. Kijana alikua hadi karibu mita mbili. Aliingia kikosi cha wanamaji cha Marines, akatolewa kwa sababu ya pumu, akaenda Chicago na kupigana mieleka kwa jina la Buford the Bull, yaani Buford Fahali. Hukohuko Chicago alikutana na Pauline Mullins, mwanamke mwenye asili ya Virginia aliyekuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza. Walioana Desemba 1959. Mwaka 1962 wakarudi kwao mume, akawa mkuu wa polisi wa Adamsville, na mwaka 1964, sherifu aliyekuwepo alipokufa kwa ajali ya gari, Pusser akashinda uchaguzi. Alikuwa na miaka 26, sherifu kijana kuliko wote waliowahi kuchaguliwa Tennessee.

Mchana tulishuka kusini kwa barabara ya 45 hadi mpaka wa Mississippi. Ni mwendo mfupi. Hapa mpakani ndipo palipokuwa na klabu na moteli zilizompa Pusser kazi: Shamrock, White Iris na nyinginezo. Kamari ya wizi, wanawake wanaouzwa, wasafiri wanaoporwa na kupigwa, na pombe haramu. Watu wa biashara ile walijulikana kama genge la mpakani, na faida ya kukaa mpakani ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kufika Sirari au Namanga: hatua chache tu, na polisi anayekufukuza hana tena mamlaka.

Kwetu gongo ni vitu viwili: fimbo nene, na pombe inayochemshwa vichakani usiku. Nimeliwaza neno hilo njia nzima leo, kwa sababu sifa ya Pusser imesimama juu ya yote mawili. Alibomoa mitambo ya gongo porini, na filamu ikamshikisha gongo mkononi asiliachie tena.

Tarehe 1 Februari 1966, ndani ya Shamrock, alimpiga risasi na kumuua Louise Hathcock, mmoja wa waliokuwa wakiendesha shughuli pale. Alisema mama huyo ndiye aliyeanza kumfyatulia. Ikahesabiwa kwamba alijihami. Januari 1967 Pusser naye akapigwa risasi na mtu asiyejulikana, akapona. Krismasi ya 1968 akaua mtu mwingine, Charles Russell Hamilton. Mwaka 1970 sheria ya ukomo wa vipindi haikumruhusu kugombea tena. Alipojaribu mwaka 1972, wapiga kura walimchagua mwingine. Hilo la 1972 sikulijua, na limenikaa kichwani. Filamu ilikuwa bado haijatoka, na watu wake mwenyewe, waliomfahamu bila muziki wa nyuma, walimkataa.

Pale mpakani leo hakuna cha kuona. Shamrock ilishabomolewa. Misonobari, nyasi zilizokatwa, malori ya magogo yanapita. Tulikaa garini dakika kumi tukaondoka.

Jioni tumekula Selmer, kambale wa kukaanga kwa unga wa mahindi. Mdogo wangu alisema laiti kungekuwa na ugali. Mzee wa meza ya pili alisikia lugha yetu akauliza tunatoka wapi, na tulipomwambia, na kwamba nilimjua Pusser nikiwa mtoto kando ya Ziwa Victoria, alifurahi kwa dhati. Alivuta kiti akaja. Anasema alikuwa mvulana Pusser alipokuwa sherifu, na kwamba mama yake aliacha kuogopa kupita barabara ya 45 usiku. Kuhusu habari ya Agosti, uso wake ulibadilika. Alisema maiti haiwezi kujitetea, na waliosubiri miaka hamsini na minane wasingeshindwa kusubiri milele. Hakukasirika. Alisikitika, kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu baba yake. Sikubishana naye. Huyu mzee hakuona sinema. Aliona barabara ya mama yake ikipitika, na hilo ni kweli yake.

Jumapili, 19 Oktoba. Barabara ya New Hope na Adamsville

Tuliamka gizani makusudi. Tukio lilitokea kabla ya alfajiri, nami nilitaka kuiona barabara katika hali ile.

Kisa kama Pusser alivyokisimulia ni hiki. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti 1967 alipigiwa simu nyumbani kwamba kuna ugomvi barabara ya New Hope. Akatoka, na Pauline akaamua kufuatana naye. Karibu na kanisa la New Hope gari likawafikia na kuwamiminia risasi. Pauline akapigwa. Pusser akakimbiza gari mbele kidogo, washambuliaji wakamfikia tena na kumpiga usoni, taya likasambaratika. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi. Aliwataja watu aliowaona kuwa wauaji, mmoja wao Kirksey Nix, lakini hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kifo cha Pauline. Hadithi iliyobaki ni ya mjane wa kiume anayelipa kisasi, na hiyo ndiyo iliyofika Kirumba.

Barabara yenyewe ni nyembamba, inapanda na kushuka kwenye miti, nyumba zimeachana sana. Mdogo wangu alizima taa. Giza lilikuwa zito, na nilisikia chini ya injini iliyokuwa inapoa wadudu wa mwisho wa msimu. Tulikaa hivyo bila kusema. Halafu akaanza kunieleza taarifa ya Agosti kama muuguzi, taratibu, kitu kimoja kimoja.

Pauline hakufanyiwa uchunguzi wa maiti mwaka 1967. Hilo kwanza. Mke wa sherifu kauawa kwa risasi, na akazikwa bila mwili wake kuchunguzwa. TBI walilirudia faili lake mwaka 2022 walipokuwa wanapitia kesi za zamani, wakapata taarifa ya silaha iliyodhaniwa kutumika, na Februari 2024 wakafukua kaburi. Daktari aliyepitia ushahidi, Michael Revelle, alisema majeraha ya kichwa cha Pauline hayaendani na picha zilizopigwa ndani ya gari, na inaelekea zaidi kwamba alipigwa risasi akiwa nje, kisha akaingizwa ndani. Damu ilikuwa kwenye boneti, kwa nje, mahali ambapo maelezo ya Pusser hayaifikishi. Na jeraha la shavu la Pusser lilikuwa la mdomo wa bunduki uliogusana au kukaribiana sana na ngozi, si la risasi iliyotoka gari jingine. Inaelekea alijipiga mwenyewe.

"Risasi ya karibu inaacha moto na masizi, kaka," mdogo wangu alisema. "Ya mbali haiachi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa."

Kisha akafika kwenye pua. Mifupa ya Pauline ilionyesha pua iliyowahi kuvunjika na kupona kabla ya kifo chake. Mwendesha mashtaka aliiweka pamoja na maelezo ya watu waliosema kulikuwa na kipigo katika ndoa ile. Mdogo wake Pauline, wa kiume, ambaye bado yu hai, alisema moyoni alijua muda mrefu kwamba ndoa ya dada yake ilikuwa na matatizo.

Hapo mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Anafanya kazi wodi ya dharura. Akasema wanaokuja na pua za namna ile husema wamejigonga kwenye kabati, au wameteleza bafuni, na mara nyingi mume ndiye anayejibu maswali. Siku moja alimshika mama mmoja mkono, mume alipotoka kwenda kuegesha gari vizuri, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama nyumbani. Yule mama aliangalia mlango kwanza. Jibu alishalipata kwenye yale macho. "Sasa niambie," alisema, "kama mume ni sherifu, unaangalia mlango upi? Unampigia nani simu?"

Sikuwa na la kumjibu. Kulianza kupambazuka na kanisa likatokea kwenye ukungu, jengo dogo tu.

Adamsville iko kwenye barabara kuu ya 64, kama kilomita 20 mashariki ya Selmer, mji wa watu elfu mbili na kitu. Makaburi yako palepale mjini. Buford na Pauline wamezikwa hapohapo. Nilitarajia kuona ardhi iliyochimbwa, lakini nyasi zimeshafunga, huwezi kujua kwamba alitolewa na kurudishwa. Palikuwa na maua ya plastiki. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasafisha kaburi la nduguye alitusalimia, akaangalia tulipokuwa tumesimama, akatuambia bila kuulizwa kwamba wengi huja kwa ajili ya Buford. Dada yangu akamwambia sisi tumekuja kwa Pauline. Yule mama aliweka chini ndoo yake. Alisema utotoni waliambiwa kila Agosti habari za taya la sherifu, jinsi lilivyoning'inia, jinsi alivyoshonwa. Kuhusu Pauline alikumbuka kuambiwa jambo moja tu, kwamba alikuwa mrembo.

Nyumba ya Pusser sasa ni makumbusho. Tulifika mlango umefungwa, tukaiangalia kwa nje. Nyumba ya matofali, ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye mshahara wa serikali. Nilipiga picha moja kisha nikaifuta. Nilikuja Marekani nikiwa na hamu ya kuingia pale na kupiga picha na lile gogo nimpelekee kaka. Hamu hiyo imekwisha.

Niseme wazi ninavyoliona jambo hili. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani Buford Pusser na haitatokea, kwa sababu marehemu hashtakiwi. Ushahidi haujahojiwa na wakili wa upande wake. Yule mzee wa Selmer ana haki ya kulisema hilo. Lakini hata hadithi yake Pusser haikuwahi kuchunguzwa kama ya mtu mwingine yeyote ambaye mkewe amekutwa ameuawa akiwa naye peke yao usiku. Iliaminiwa kwa sababu ya nyota kifuani, na taya lile likawa ushahidi wa kutosha. Mimi naamini ilivyosema mifupa ya Pauline. Na genge la mpakani nalo lilikuwepo kweli, liliua na kuibia watu kweli, na sherifu yule alilikabili. Sioni kwa nini hilo limwondolee Pauline lake.

Jumatatu, 20 Oktoba. Shiloh, na kurudi

Asubuhi tulipita Shiloh, uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambako Aprili 1862 watu zaidi ya 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku mbili. Mizinga imepangwa kwenye nyasi, kulungu wanakula. Hatukukaa. Vichwa vyetu vilikuwa vimejaa.

Njiani kurudi mdogo wangu aliniambia kwamba faili lote la TBI, kurasa zaidi ya elfu moja, limepangwa kuwekwa wazi kupitia Chuo Kikuu cha Tennessee kilichopo Martin ili kila mtu alisome. Anataka kulisoma lote. Nilimwambia kurasa elfu ni nyingi kwa mtu wa zamu za usiku. Akasema atasoma kurasa kumi kumi.

Jumanne, 21 Oktoba. Memphis

Saa moja asubuhi hapa ni saa tisa alasiri nyumbani. Nimempigia kaka. Yuko dukani kwake, na nyuma yake nilisikia pikipiki na mtu anayeuza samaki kwa kipaza sauti.

Alitaka habari za gogo. Nikamweleza yote, kuanzia pamba hadi barabara ya New Hope. Alinikatiza mara mbili tu, mara ya kwanza kuuliza kama nina uhakika kuhusu damu ya kwenye boneti, mara ya pili kumwambia mteja asubiri. Nilipomaliza alikuwa kimya nikadhani simu imekatika.

"Halo?"

"Nipo," alisema. "Yule mama anaitwa nani?"

"Pauline. Pauline Mullins. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu."

Alilirudia jina, akakosea, nikamtajia tena herufi kwa herufi. Nilisikia anaandika kwenye kitu, nadhani daftari la madeni.

"Na watoto?"

Nikamwambia walikuwa watatu. Wawili wa ndoa ya kwanza, na wa mwisho, Dwana, alikuwa na miaka sita usiku ule mama yake alipotoka. Dwana naye alifariki Desemba 2018, kabla faili la mama yake halijafunguliwa tena.

"Sita," kaka alisema. Kisha akamwita mteja wake, akamuuliza alitaka sukari kilo ngapi.